Heri Anayehesabu Kabla ya Kutia Saini



Wapendwa waamini, juma lililopita, baada ya Misa ya pili, alinifuata mlangoni mwa sakristia mwanamume mmoja wa jumuiya zetu, mtu mtulivu ambaye kwa miaka mingi nimezoea kumwona amekaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto. Kazi yake ni kutunza stoo ya vifaa vya shule katika mojawapo ya halmashauri za ukanda wetu huu. Hakuja kuungama, bali alikuja kutafuta ushauri, na amenipa ruhusa kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala halmashauri yake. Sharti hilo ni la haki, nami nitalishika.

Kisa chenyewe ni kifupi. Lori la vitabu lilifika jioni, jua likiwa linazama. Dereva alikuwa na safari nyingine na utingo alikwisha anza kukunja turubai. Hati ya mzigo ilionyesha idadi ya maboksi na idadi ya vitabu ndani ya kila boksi. Mkubwa wake wa kazi akamwambia, “Tia saini, mwache dereva aondoke. Vitabu havina miguu, utahesabu kesho.” Yeye akajibu kwa heshima kwamba hawezi kuandika amepokea kitu ambacho hajakiona. Akahesabu kwa mwanga wa simu mpaka saa nne za usiku. Maboksi yalitimia, lakini baadhi yake yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya karatasi, na ndani yake vitabu vilikuwa vimepungua. Basi akaandika kile kilichokuwapo, wala si kile kilichopaswa kuwapo, dereva akatia saini yake chini, naye akatia ya kwake.

Tangu usiku ule, asema, ofisini anaitwa mkorofi. Salamu zimepoa. Amedokezwa kwamba yamkini atahamishwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Baba Paroko, nimekosea wapi? Au uaminifu nao una kipimo chake, ukizidi unageuka kiburi?”

Nilimjibu maneno machache ya kumtia moyo, kama ilivyo desturi yetu mapadre tunapokuwa na watu wengine wanatusubiri. Lakini jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe. Nimelibeba swali lake juma zima, na leo nataka kulijibu vizuri zaidi, mbele yenu ninyi nyote, kwa kuwa naona si swali lake peke yake.

Kwanza tujue mtu huyu anafanya kazi gani, maana wengi wetu tunadhani mtunza stoo ni mtu anayekaa juu ya kiti na funguo kiunoni. Mzigo unapofika, hana budi kuulinganisha na hati iliyokuja nao, kuuhesabu, kuukagua kama haukulowa wala kuchanika, na kuandika hati ya kupokelea. Kisha huuingiza katika leja: tarehe, umetoka wapi, kiasi gani. Kwenye rafu huweka kadi inayoonyesha kila kilichoingia, kila kilichotoka, na salio. Shule ikihitaji vitabu au madaftari, mwalimu huleta hati ya kuomba, na mtunza stoo hutoa kwa hati ya kutolea ambayo mpokeaji anaitia saini. Mwishoni mwa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni, mali yote huhesabiwa upya, moja baada ya nyingine, ili kuona kama rafu na leja zinasema jambo moja. Baadaye huja wakaguzi wa ndani, na baada yao wakaguzi walio chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye cheo chake kimewekwa na Katiba yenyewe katika ibara ya 143.

Mtaona, wapendwa, kwamba mlolongo huu wote umesimama juu ya saini ya kwanza. Ikiwa saini ya mapokezi ni ya uongo, kila karatasi inayofuata itakuwa safi juu ya uongo ule. Leja itapatana na hati, hati itapatana na vocha ya malipo, mkaguzi atakuta kila kitu kimenyooka, na mtoto wa darasa la nne hatakuwa na kitabu. Wizi wa namna hii hauvunji mlango. Unahitaji tu mtu mmoja aliyechoka, jioni, anayeambiwa kwamba atahesabu kesho.

Sisi tunaoishi Tabora tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine, kwa sababu mji wetu ulizaliwa kama ghala. Kabla ya reli kutufikia mwaka 1912, Unyanyembe palikuwa mahali ambapo barabara ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: njia moja kwenda Ujiji na ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini kwenye falme za ziwa Viktoria. Wafanyabiashara walijenga matembe yao hapa ili kuhifadhi merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na kupokea pembe za ndovu kutoka bara. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo hiyo mabegani, frasila mbili au pungufu yake kidogo kwa kila mpagazi, yaani ratili 60 hadi 70. Nguo ilihesabiwa kwa mkono, shuka na doti. Msafara usiojua umebeba doti ngapi haukujua utakula nini huko mbele, kwa maana nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya njia.

Katika barabara hiyo hiyo yalitokea matukio mawili ambayo ningependa tuyaweke ubavu kwa ubavu.

La kwanza ni la mwaka 1871. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, David Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitokea Manyema, na matumaini yake yote yalikuwa kwenye bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja. Bidhaa zilikwisha fika. Zilikuwa chini ya ulinzi wa mtu aliyeitwa Sherif, ambaye aliajiriwa kuzifikisha. Livingstone akakuta kwamba hakuna hata kipande cha nguo kilichobaki katika yadi zipatazo 3,000, wala uzi mmoja wa shanga. Sherif alikuwa amekwisha viuza vyote kwa pembe. Utetezi wake ulikuwa kwamba alipiga bao akaona mwenye mali amekwisha kufa. Tuseme pia, ili haki itendeke, kwamba huko huko Ujiji mfanyabiashara Said bin Majid, Mwarabu na Mwislamu, alijitolea kuuza baadhi ya pembe zake ili amsaidie mgeni yule aliyeporwa. Uaminifu na udanganyifu havikugawanywa kwa kabila wala kwa dini, si siku zile wala leo.

La pili ni la mwaka 1873. Livingstone, baada ya kukaa miezi kadhaa hapa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi na vifaa, aliondoka mwezi Agosti kuelekea kusini, na akafa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia. Wenzake walibaki peke yao na maiti na masanduku ya marehemu, mbali sana na pwani, pasipo mzungu wala liwali wala karani wa kuwasimamia. Wangeweza kugawana kila kitu na kutawanyika, na nani angewauliza? Badala yake Susi na Chuma waliwaita watu wote wa msafara, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho yao wote ili kila mmoja awe shahidi na kila mmoja awajibike, na Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik huko India, akaombwa kuandika orodha ya vitu vyote. Akaiandika katika daftari la marehemu mwenyewe.

Kisha wakabeba. Walipita hapa Unyanyembe mwezi Oktoba 1873. Luteni Cameron waliyemkuta hapa aliwashauri wamzike bwana wao papa hapa, wakakataa. Alichukua baadhi ya vyombo vya vipimo kutoka katika masanduku kwa ajili ya safari yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwapendeza. Mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi ya njia, waliufikisha mwili Bagamoyo, katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, na shajara za marehemu zikafika salama. Dunia ilimlilia Livingstone na kumzika Westminster. Ile orodha ni wachache wanaoikumbuka. Mimi naiona kuwa ni mojawapo ya maandishi matukufu sana yaliyowahi kuandikwa katika barabara yetu, ijapokuwa ni orodha tu ya vitu.

Tofauti kati ya Sherif na Susi ni ipi? Sherif alikuwa peke yake na mali, na alijiambia kwamba mwenye mali hayupo. Susi na Chuma walijua kwa hakika kwamba mwenye mali amekufa, na bado wakatenda kana kwamba anawatazama. Tena hawakuutegemea wema wa mioyo yao peke yake. Waliita mashahidi, wakaweka maandishi. Hapo ndipo ninapotaka kuukita mguu wangu: uaminifu usiokubali kuhesabiwa ni nusu ya uaminifu.

Maandiko Matakatifu yanakubaliana nao. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma habari ya manung'uniko ya kwanza ndani ya Kanisa changa, nayo hayakuhusu fundisho la imani. Yalihusu ugawaji wa chakula: wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wajane wasali na kuvumilia. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima, washike kazi ile, na wakawawekea mikono. Naye Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake ingawa alikuwa Mtume. Alitaka ndugu wengine wanaoaminika waandamane nao, asije mtu yeyote akapata neno la kumlaumu. Ikiwa Paulo hakuona haya kuhesabiwa, ofisi gani hapa kwetu iliyo juu mno?

Hata hivyo, wapendwa, sitaki niwape picha ya upande mmoja. Kuhesabu kwenyewe si utakatifu. Katika barabara hii hii ya misafara, watu waliozaliwa kwa mfano wa Mungu walihesabiwa pamoja na pembe, wakaandikwa katika madaftari kama bidhaa, na waliokufa njiani wakafutwa kama hasara. Hesabu ile yamkini ilikuwa sahihi kabisa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa, aliandika orodha yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama hesabu imetimia hatuna budi kuuliza inahesabiwa kwa ajili ya nani.

Na hapa lazima niungame kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana katika parokia nyingine, tulipata msaada wa maboksi ya vitabu vya kufundishia dini na kusoma na kuandika. Nilivipokea kwa uangalifu, nikavihesabu vyote, nikaviandika. Kisha nikavifungia katika chumba cha nyuma, nikisubiri siku ya kuvizindua rasmi kwa sherehe, kwaya na mgeni wa heshima. Sherehe iliahirishwa mara moja, mara mbili. Nilipofungua chumba kile baada ya masika, mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kupitia maboksi ya chini, kwa sababu sikuyainua juu ya mbao. Daftari langu lilionyesha kwamba hakuna kitabu hata kimoja kilichoibwa. Ilikuwa kweli. Watoto wa vigango hawakuibiwa na mwizi. Waliibiwa na paroko wao aliyependa hafla.

Kosa hilo limenifundisha kutazama kwa jicho jingine kabati za walimu wakuu wetu. Mmewahi kuingia ofisi ya mwalimu mkuu mkaona vitabu vipya vimepangwa nyuma ya kioo, bado vinanuka wino, ilhali darasani watoto wanne wanachungulia kitabu kimoja kisicho na jalada? Ni rahisi kumlaumu mwalimu huyo. Lakini mjiulize kwa nini anafanya hivyo. Anajua kwamba mkaguzi akija na kukuta kitabu kimepotea, ataulizwa yeye. Anajua pia kwamba hakuna atakayemuuliza kwa nini kitabu hakijasomwa. Tumejenga utaratibu unaoadhibu kitabu kilichochakaa na kusifu kitabu kilicholala. Mtumishi yule wa Injili aliyeifukia talanta ardhini naye alikuwa na hesabu kamili siku bwana wake aliporudi, wala hakusifiwa.

Kwa hiyo nasema: stoo ya shule ni aminifu pale yanapotimia mambo matatu. Kilichoandikwa kupokelewa kiwe ndicho kilichopokelewa. Kilichobaki rafuni kiwe ndicho leja inachosema kimebaki. Na kilichotoka kiwe mikononi mwa mtoto, si katika kabati la pili. Likikosekana mojawapo, mengine mawili hayatuokoi.

Baadhi yenu mtasema kwamba vitabu vichache si jambo la kupigiwa kelele. Tuchukue mfano. Darasa lina watoto 60 na limepangiwa vitabu 20. Watatu wanasoma kitabu kimoja. Vikipungua 5 tu njiani, wanakuwa wanne kwa kitabu. Yule wa nne ni nani? Aghalabu ni yule mdogo, au msichana mwenye haya, au mtoto aliyetembea kilomita sita kutoka mashamba ya tumbaku na kufika amechelewa, ambaye anakaa pembeni na kukiona kitabu upande wa juu chini. Hatatajwa katika ripoti yoyote. Mwishoni mwa mwaka tutasema hana akili.

Na fedha ya vitabu hivyo haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza waraka wa elimu bila malipo, wazazi wengi mmepumzika ada, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini elimu isiyolipiwa mlangoni inalipiwa dukani, katika kila kilo ya sukari, katika kila kitenge, katika kila lita ya mafuta. Mnakumbuka pia ile iliyoitwa na wananchi “chenji ya rada”: mwaka 2012 kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ililipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya elimu yetu, kufuatia kesi iliyohusu ununuzi wa rada, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ilichukua miaka na mashauri mpaka nje ya nchi kuirudisha fedha ile. Ingekuwa aibu iliyoje, mali iliyopatikana kwa taabu namna hiyo, ikipotea kati ya lori na rafu kwa sababu dereva alikuwa na haraka!

Wapo kati yetu wanaosadiki kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Wanaungama kuwasema vibaya majirani, wanaungama kukosa Misa, lakini rimu tano za karatasi za shule zilizohamia kwenye duka la shemeji haziungamwi kamwe, kwa sababu hawakumwona aliyeibiwa akilia. Nami nasema kwa upole lakini bila kumung'unya maneno: huo ni wizi, na amri ya saba haijaacha nafasi kwa ajili ya serikali. Na wizi hausamehewi kwa majuto matupu. Mafundisho ya Kanisa yanadai kurudisha. Aliyechukua vitabu na arudishe vitabu, au thamani yake, hata kama ni kwa siri, hata kama ni kidogo kidogo. Zakayo alipanda mti ili amwone Bwana, lakini wokovu ulitangazwa nyumbani mwake pale alipoanza kuhesabu anachodaiwa.

Basi tufanye nini? Mimi si afisa ugavi, wala sitaki kuwafundisha wataalamu kazi yao. Lakini yako mambo ambayo sisi wazazi na waamini tunaweza kuyafanya bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kila shule ya msingi ina kamati yake, na kila sekondari ina bodi yake, na humo ndani wamo watu wa parokia hii. Nawaomba, mkutano ujao, pamoja na habari za choo na madawati, ulizeni leja. Ulizeni shule ilipokea vitabu vingapi vya kila somo, na vingapi viko mikononi mwa wanafunzi leo. Ombeni idadi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa maandishi makubwa, mahali mama aliyekuja kumchukua mtoto anaweza kuisoma. Udanganyifu unaogopa ubao wa matangazo kuliko unavyoogopa mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Vilevile mzigo ukifika shuleni, wawepo mashahidi wawili wa kuhesabu pamoja na mwalimu, kama Susi na Chuma walivyofanya. Jambo hili linamlinda mwalimu mwaminifu zaidi ya mtu yeyote, kwa sababu aliyehesabu peke yake hushtakiwa peke yake. Mnapochanga mahindi na maharage ya uji na chakula cha mchana cha watoto, fanyeni vivyo hivyo. Mnajua ninyi wenyewe maneno ya lumbesa na ya debe lililobonyezwa. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei, karne nane kabla ya Kristo, na nadhani angezijua njia zetu za mnadani bila kuelekezwa.

Halafu tuwaondolee walimu hofu ya kitabu kuchakaa. Kitabu kilichosomwa na watoto miaka mitatu mpaka kikachanika kimefanya kazi yake, na kiondolewe katika leja kwa utaratibu uliowekwa, bila kumkata mtu mshahara. Wazazi mnaweza kusaidia: nailoni ya kufunikia jalada ni bei ndogo, na mtoto anayefundishwa nyumbani kunawa mikono kabla ya kufungua kitabu ni mlinzi bora kuliko kufuli.

Nasi mapadre, makatekista na viongozi wa halmashauri ya walei tuanze na nyumba yetu. Stoo ya parokia hii, yenye mahindi ya zaka, viti vya plastiki, vyombo vya sherehe na mishumaa, itahesabiwa Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Wawakilishi wawili kutoka kila kanda wanakaribishwa, na WAWATA naomba walete kalamu zao. Matokeo yatasomwa kanisani, hata kama yatanitia haya. Siwezi kumtia moyo mtu asimame imara katika stoo ya halmashauri ilhali ya kwangu imefungwa.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa benchi la tatu. Uliniuliza kama uaminifu ukizidi unageuka kiburi. Nimetafakari, na hili ndilo jibu langu. Uaminifu hugeuka kiburi pale mtu anapohesabu ili wengine waaibike, na pale anapotaka kuhesabu wengine lakini yeye hataki kuhesabiwa. Wewe ulihesabu ili watoto wasipunjwe, na ukamwachia dereva nafasi ya kutia saini yake karibu na yako. Hukumwita mtu mwizi. Uliandika tu kilichokuwapo. Sioni kiburi hapo. Naona alichofanya Wainwright kule Chitambo, masanduku wazi mbele ya wote.

Siwezi kukuahidi kwamba hutahamishwa. Injili haikuahidi hivyo, na Mtakatifu Laurenti, shemasi aliyetunza mali ya Kanisa la Roma kwa ajili ya maskini, aliuawa mwaka 258. Lakini ukihamishwa, watu wa parokia hii watajua sababu, na hatutakuacha uende kama mtu aliyefukuzwa kwa kosa. Na huko utakakokwenda, kutakuwa na lori jingine, na jioni nyingine, na mtu mwenye haraka. Hesabu tena, ndugu yangu. Wapo watoto ambao hawatajua kamwe jina lako, lakini watakiona kitabu kikiwa upande wake sahihi.

Ninyi wengine mtakaomwona barabarani au ofisini, msimwite mkorofi. Msalimieni.

Nawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye amani. Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu